Baraza, uani na wasafiri wa shanta: Bagamoyo iliyo halisi iko wapi?

Miongoni mwa wageni wanaoteremka katika stendi ya Bagamoyo kutoka Makumbusho, Dar es Salaam, wamo wachache ambao wangeweza kabisa kuja kwa gari la kampuni ya utalii lenye kiyoyozi, wakaamua kutokuja nalo. Wamebanwa dirishani kwa mwendo wa kilometa zipatazo 70, shanta, yaani begi la mgongoni, limekaa mapajani au limelipiwa kama mzigo, na wakiulizwa kwa nini wamejipa taabu hiyo watajibu, kwa namna moja au nyingine, kwamba walitaka kuiona nchi ilivyo. Jibu hilo huonekana jepesi, lakini ndani yake mna dhana ambayo imewashughulisha wanazuoni wa elimu ya jamii kwa zaidi ya nusu karne: kwamba kila mahali pana sura mbili, moja iliyoandaliwa kwa ajili ya mtalii na nyingine iliyo halisi, na kwamba mtu mwenye subira, asiyeogopa vumbi wala kitanda kigumu, anaweza kuifikia ile ya pili. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kutokea Bagamoyo, mji ambao kwa historia yake unaitia dhana hiyo mashakani kuliko miji mingi.

Msafiri wa shanta si maskini, ingawa hujinyima. Aghalabu ni kijana wa Ulaya, Marekani au Australia, aliyemaliza chuo au aliyeacha kazi kwa muda, mwenye akiba ya kumchukua miezi badala ya wiki, na ambaye muda kwake ni mwingi kuliko fedha. Mwaka 1990 mtafiti Philip Pearce, akiwachunguza vijana wa aina hii nchini Australia, aliwatambulisha kwa sifa ambazo zinarudiwa hadi leo: hulala mahali pa bei nafuu, hupenda kukutana na wasafiri wenzao, hujipangia safari wenyewe na kuibadilisha wakiwa njiani, hukaa muda mrefu, na hutaka kushiriki kuliko kutazama. Mizizi yao ni ya zamani zaidi ya hapo. Hosteli ya vijana ya kwanza ya kudumu ilianzishwa na mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, ndani ya ngome ya Altena mwaka 1912, kwa nia ya kuwawezesha wanafunzi wa mijini kutembea mashambani. Katika miaka ya 1960 na 1970 maelfu ya vijana wa nchi za Magharibi walisafiri kwa barabara kutoka Istanbul kupitia Tehran na Kabul hadi India na Nepal, mpaka mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Urusi ya Kisovieti nchini Afghanistan, yote mawili ya mwaka 1979, yalipoifunga njia hiyo. Tony na Maureen Wheeler, mume na mke waliopita njia hiyohiyo, walichapisha mwaka 1973 kijitabu cha kumwelekeza mtu namna ya kuvuka Asia kwa gharama ndogo, na kutoka humo ikazaliwa kampuni ya Lonely Planet, ambayo kwa miongo kadhaa iliyaelekeza mashanta ya dunia nzima yakalale gesti gani.

Hapo ndipo penye kichekesho cha kwanza. Mwongozo wa kuwaepuka watalii ukishauzwa kwa watu wengi huwapeleka wote mahali pamoja. Mwanasosholojia Erik Cohen, ambaye mwaka 1972 aliwapanga watalii katika aina nne, kuanzia yule anayesafirishwa kikundi akifuata ratiba hadi mzururaji asiye na ratiba kabisa, alitambua mwaka uliofuata kwamba hata wazururaji hao walikwisha kujitengenezea njia zao, nyumba zao za kulala na migahawa yao, tena iliyofanana kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 1980 mwanajiografia Richard Butler alionyesha namna mahali pa utalii panavyopitia hatua: huanza na wagunduzi wachache, wenyeji wakafungua vyumba na vibanda, kisha wakaja wawekezaji wakubwa, umati ukafuata, na hatimaye wale wagunduzi wa mwanzo, au wadogo zao, wakaondoka kutafuta kwingine. Kwa maelezo hayo msafiri wa shanta ndiye mtangulizi wa utalii mkubwa anaoudharau, na dharau yake ndiyo inayomsukuma kwenda kuufungulia njia mahali pengine.

Nasema dharau kwa makusudi. Ukiwasikiliza wakizungumza wao kwa wao katika veranda ya hosteli, utabaini kwamba mtalii, kwao, daima ni mtu mwingine. Nani alilipa kidogo zaidi, nani alisafiri juu ya gunia la mkaa, nani aliugua malaria mbali na hospitali, nani alialikwa nyumbani kwa mwenyeji akalishwa ugali: hayo ndiyo yanayompa mtu cheo, na watafiti wengi wameandika juu ya ushindani huo. Si unafiki mtupu. Wengi wao wana hamu ya kweli ya kujua, na wanaona, bila kukosea, kwamba hoteli yenye ukuta mrefu ufukweni haiwezi kumfundisha mtu chochote kuhusu Pwani. Kosa liko katika kudhani kwamba nyuma ya ukuta huo, kwa upande wa mjini, kuna ukweli uliokaa ukimsubiri mgeni aufichue.

Mjadala wa kitaalamu ulianza kwa kejeli. Mwanahistoria wa Marekani Daniel Boorstin alidai, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba mtalii wa kisasa hataki ukweli, anataka matukio ya kubuni yanayolingana na picha aliyokuja nayo kichwani. Mwaka 1973 mwanasosholojia Dean MacCannell, naye Mmarekani, alimpinga. Kwa maoni yake mtalii anautafuta uhalisi kwa bidii, karibu kama mtu anayehiji, kwa sababu maisha ya jamii za viwanda yamemfanya ahisi kwamba ukweli uko mahali pengine, kwa watu wengine. MacCannell aliazima kutoka kwa mwanasosholojia mwenzake, Erving Goffman, wazo kwamba maisha ya jamii yana upande wa mbele, ambako watu hujionyesha wanavyotaka waonekane, na upande wa nyuma, ambako hupumzika na kujiandaa. Mtalii, alisema, anataka kuingia upande wa nyuma. Na wenyeji, wakishajua hivyo, humwandalia upande wa nyuma wa bandia: jiko lililo wazi, karakana inayotembelewa, boma la mfano. Anatoka mbele akiamini anaelekea nyuma, kumbe ameingia katika jukwaa jingine lililopangwa lifanane na nyuma.

Maelezo hayo yana nguvu, na mtu aliyewahi kuona ziara ya kijiji cha mfano atayatambua mara moja. Lakini msomaji wa Pwani atakayeyasoma kwa makini atagundua kwamba yamesimama juu ya msingi ambao kwetu si wa kawaida, yaani kwamba mbele ni uongo kidogo na nyuma ndiko kwenye kweli. Nyumba ya Kiswahili haikujengwa kwa imani hiyo. Mbele ina baraza, na baraza si pazia la kuficha nyumba: ndipo wazee hukaa baada ya swala, ndipo bao huchezwa, ndipo posa huanza kuzungumzwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja husuluhishwa. Ndani kuna ukumbi na vyumba, na nyuma kuna uani, penye jiko, kisima au bomba, nguo zilizoanikwa, na mazungumzo ya wanawake. Mgeni wa kiume hafiki uani kwa kuwa hapana shughuli naye, na rafiki wa miaka ishirini wa mwenye nyumba naye hafiki. Mgeni wa kike, kwa upande wake, anaweza kupelekwa uani siku ya kwanza, akapewa kigoda na kutiwa nazi mkononi akune, bila mtu yeyote kuona kwamba amefunuliwa siri. Aliyekaa barazani ameiona Bagamoyo halisi sawa na aliyekaa uani. Wameona sehemu mbili za mpango mmoja wa heshima.

Msafiri anayeamini kwamba ukweli unakaa nyuma hupita barazani haraka. Humwamkia mzee kwa neno moja alilojifunza, hupiga picha ya mlango wa nakshi, kisha huendelea kutafuta Waswahili wenyewe, hali wamekaa palepale wanamtazama.

Tatizo la pili ni la historia. Uhalisi unaotafutwa huwa una sura ya kitu kisichoguswa: kijiji kabla ya barabara, ngoma kabla ya kipaza sauti. Bagamoyo haijawahi kuwa hivyo tangu iitwe mji. Katika karne ya 19 ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Unyanyembe (Tabora ya leo), mwendo wa kilometa zipatazo 1,200, na kila kiangazi wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walishuka wakiwa na pembe za ndovu begani, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, wakapiga kambi mjini wakisubiri kulipwa na kupata mzigo wa kurudi nao. Njia hiyohiyo iliwaleta watumwa. Mji uliishi kwa kuwapokea watu usiowajua: madalali, wenye nyumba za kupangisha, wapishi, wauza nafaka, wakopeshaji wa Kihindi, wenye majahazi ya kuvukia Unguja. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walianzia safari yao Kaole, jirani tu, mwaka 1857. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga misheni pamoja na makazi ya watumwa waliokombolewa. Stanley aliondokea hapa mwaka 1871. Februari 1874 mwili wa Livingstone, uliobebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ulilazwa katika mnara wa kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Wajerumani nao waliufanya mji huu makao yao makuu mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wazigua, Washomvi, Wamanyema, Wahindi, Waarabu: kila mmoja ana mtaa, msikiti, kaburi au duka la kuonyesha kwamba alifika akabaki.

Kwa hiyo anayesikitika kwamba Bagamoyo imeharibiwa na wageni anausikitikia mji ambao kazi yake ya asili ilikuwa kupokea wageni. Kijana anayemkimbilia Mzungu stendi na kumwahidi chumba kizuri karibu na bahari anafanya kazi yenye umri wa zaidi ya karne moja na nusu mjini hapa. (Kilichobadilika ni upande wa mzigo: wasafiri wa zamani wa Ulaya walikuja na watu wa kuwabebea, wa leo hujibebea wenyewe na huona fahari.)

Ngoma zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Wageni wengi huja Bagamoyo kwa ajili ya sanaa, na mara nyingi huondoka wakisema wameona ngoma za jadi za Bagamoyo. Walichokiona zaidi ni kazi ya Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, tangu mwaka 2007, na tamasha lake la kila mwaka, ambalo asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya jukwaa moja hupita sindimba ya Wamakonde wa kusini, bugobogobo ya Wasukuma, mganda wa Ziwa Nyasa na lizombe ya Wangoni, zikichezwa na vijana waliozisoma darasani, wengine kutoka mikoa isiyohusiana kabisa na ngoma wanayoicheza. Huo ni urithi wa siasa ya utamaduni ya baada ya uhuru: Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, na vikundi vya taifa vya sanaa vilikusudiwa kuzitoa ngoma vijijini na kuzifanya mali ya Watanzania wote. Kwa kipimo cha MacCannell hilo ni jukwaa tupu. Kwa kipimo cha haki ni mapokeo yenye walimu, vizazi vya wanafunzi na ubishi wake wa ndani kuhusu nani anapiga ngoma vyema, na kwa wasanii ni ajira. Cohen mwenyewe, mwaka 1988, aliandika kwamba kitu kilichobuniwa kwa ajili ya wageni kinaweza kwa miaka kugeuka kuwa halisi kwa wenyewe. Sindimba ya Bagamoyo imekwisha kupita daraja hilo, na si sindimba ya Newala. Atakaye mdundiko wa Wazaramo unaopita mtaani mwali akitolewa, asitazamie kuupata kwa ratiba.

Kaole kuna mfano wa aina nyingine. Magofu yake, misikiti miwili ya mawe na makaburi, mengine yenye minara, yako kilometa chache kusini mwa mji, na msikiti mkongwe zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mgeni hulipa kiingilio, huongozwa, husikia habari za kisima kisichokauka, hupiga picha, huondoka. Lakini mahali hapohapo pana kaburi linaloitwa la Sharifa, ambako watu wa Pwani huja kuomba dua na kuweka nadhiri. Hakuna aliyewaficha watalii jambo hilo, na mwongozaji hulitaja. Kinachotenganisha ziara hizo mbili ni nia ya mtu anayekuja: mmoja amekuja kuona kaburi, mwingine amekuja kwa mwenye kaburi.

Zaidi ya hapo, tukio ambalo huikusanya Bagamoyo kuliko yote halimo kabisa katika ndoto za wasafiri wa shanta. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa Pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema katika Kongo ya mashariki. Akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Kisufi ya Qadiriya, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wenye wafuasi wengi zaidi katika Tanganyika. Maulidi yanayofungamana na jina lake huleta maelfu ya watu kutoka bara na visiwani, wakalala kwenye nyumba za ndugu na wasio ndugu, wakapikiwa pilau kwa masufuria makubwa. Mgeni anayekwenda makumbusho ya misheni kutazama minyororo na kuhuzunika, akaondoka bila kusikia kwamba mtoto aliyeletwa kwa njia hiyo ndiye aliyekuja kuwa sheikh wa mji, ameondoka na nusu ya habari. Na nusu aliyoikosa imetangazwa kwa vipaza sauti mtaa mzima.

Kama basi hakuna kilichofichwa, ni kwa nini wasafiri wengi huhisi wamezuiwa mlangoni? Nadhani jibu liko katika kitu ambacho nadharia nyingi za utalii hazikipi uzito, nacho ni wajibu. Methali yetu ya mgeni wa siku mbili, ambaye ya tatu hupewa jembe, huchukuliwa na wengi kama kejeli kwa mgeni asiyeondoka. Inaweza kusomwa pia kama sheria ya kuingia: siku mbili za kwanza unahudumiwa kwa sababu wewe ni wa nje, na jembe ndilo linalokutia ndani. Mtu huwa wa nyumbani pale anapoweza kutumwa, kudaiwa, kukaripiwa na kutazamiwa afike msibani. Msafiri wa shanta anataka kuingia ndani na wakati huohuo abaki huru kuondoka kesho asubuhi akiamka na wazo la kwenda Pangani. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, si Bagamoyo wala kwingineko.

Tazama kadi ya mchango. Kijana wa Kizungu amekaa gesti moja wiki tatu, amezoeana na mama lishe anayemuuzia supu na chapati kila asubuhi, wanataniana. Siku moja mama anamletea kadi ya mchango wa harusi ya binti ya dada yake. Mgeni anafadhaika: kumbe muda wote huu walikuwa wanaziona fedha zangu tu! Anaandika kwa uchungu kwamba urafiki wa kweli na wenyeji hauwezekani. Hajui kwamba kadi hiyohiyo imepelekwa kwa muuza mkaa, kwa mwalimu, kwa dereva wa bajaji na kwa majirani wote, kwamba kutopewa ndiko kungekuwa dalili ya kuhesabiwa mpita njia, na kwamba kiasi anachotoa mtu hutegemea uwezo wake na huandikwa daftarini ili kesho naye achangiwe. Alikuwa anautafuta upande wa ndani. Alipokaribishwa, akaona ni ulanguzi.

Kosa kama hilo hutokea kila siku kwa kijana anayemsindikiza mgeni mjini. Anamkuta karibu na Boma la Wajerumani, anamsalimu, wanaongozana hadi soko la samaki, anamweleza jahazi linavyojengwa na mnada unavyoendeshwa, anamfukuzia wasumbufu. Akiulizwa bei mwanzoni anasema, „Usijali, tutaelewana.‟ Jioni anatarajia kitu. Mgeni, aliyekwisha kumweka katika hesabu ya marafiki, anahisi ametegwa. Kijana, aliyepoteza siku nzima ya kazi, anahisi amedhulumiwa. Tuseme kweli, wapo matapeli wanaoitumia „tutaelewana‟ kama ndoano, na wenyeji wanawajua kwa majina. Lakini kwa wengi neno hilo ni adabu: huanzi uhusiano kwa kumtajia mtu bei usoni, unaanza kwa kumtendea, ukiamini atajua la kufanya. Mgeni hajalelewa katika hesabu hiyo. Kwake kazi ina bei iliyotajwa, na urafiki hauna bei kabisa, na katikati ya hayo mawili hakuna kitu.

Suala la bei linastahili maneno machache zaidi, maana ndilo linalowaudhi wasafiri kuliko vyote. Katika magofu na hifadhi, serikali yenyewe ina viingilio viwili, cha raia na cha mgeni, navyo vimeandikwa wazi. Sokoni nako bei ni mbili, ila hazijaandikwa. Katika daladala, kwa kuwa nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, bei ni moja, na nashuku kwamba sehemu ya mapenzi ya wasafiri wa shanta kwa daladala inatokana na hilo: ni mahali pachache ambapo Mzungu hulipa kama wengine na kubanwa kama wengine. Kupigania shilingi elfu moja ya kitenge kwa nusu saa, kwa upande mwingine, mara nyingi hakuhusiani na fedha. Anayefanya hivyo anataka kuthibitisha kwamba yeye si mtalii, na anayelipia uthibitisho huo ni muuzaji.

Hata hivyo si haki kuwahesabu wageni hawa kuwa hasara. Utafiti wa Mark Hampton katika visiwa vidogo vya Lombok, Indonesia, uliochapishwa mwaka 1998, na ule wa Regina Scheyvens wa mwaka 2002, ulipinga mtazamo wa serikali nyingi kwamba mtalii mwenye fedha kidogo hana faida. Hutumia kidogo kwa siku, lakini hukaa siku nyingi, na fedha zake huenda kwa mwenye gesti ya vyumba sita, muuza matunda, mpika chapati na mwenye baiskeli ya kukodisha, watu ambao hawahitaji mtaji mkubwa wala bidhaa za kuagizwa nje ili kumhudumia. Hoteli kubwa huingiza fedha nyingi, na nyingi kati ya hizo hurudi zilikotoka. Kwa mji kama Bagamoyo, ambao watalii wengi huutembelea kwa siku moja tu wakiwa njiani kwenda Zanzibar, mgeni anayelala usiku kumi kwenye gesti ya Magomeni ya hapohapo mjini ana uzito kuliko anavyoonekana.

Kuna sura moja ya utafutaji huu ambayo inahitaji ukali, nayo ni kujitolea kwa wiki mbili tatu katika shule au kituo cha watoto. Inavutia kwa sababu inaonekana kutatua tatizo la wajibu: mgeni anapewa jembe. Lakini jembe hilo analichagua mwenyewe, analitua anapotaka, na mara nyingi amelilipia. Shirika la Save the Children lilikadiria mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaolelewa katika vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai, na katika nchi kama Kambodia na Nepal imebainika kwamba mahitaji ya wageni wanaotaka kuwahudumia yatima yalichangia vituo kuongezeka. Jukwaa la namna hii ni baya kuliko jiko la maonyesho, kwa kuwa waigizaji wake ni watoto na hawakuulizwa.

Mwaka 1999 msomi Ning Wang alipendekeza njia ya kutoka katika mabishano haya. Alitenganisha uhalisi wa vitu, ambao mtaalamu anaweza kuupima kama anavyopima umri wa msikiti wa Kaole, na uhalisi wa hali ya mtu mwenyewe, yaani ile hisia kwamba safarini amekuwa yeye zaidi kuliko anavyokuwa ofisini. Huu wa pili hauhitaji wenyeji wawe wa kale au maskini. Naona Wang amewasaidia wasafiri zaidi ya alivyowasaidia wenyeji: msafiri akijipata upya ufukweni Bagamoyo kila la heri, lakini muuza samaki anayepigwa picha bila kuombwa ruhusa, ili picha hiyo ithibitishe kujipata huko, hajapata chochote.

Upande wa wenyeji ulishughulikiwa vyema zaidi kwa vitendo kuliko kwa nadharia. Tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV, vijiji na miji kadhaa ya Tanzania ilianzisha miradi ya utalii wa utamaduni, Lushoto ikiwa miongoni mwa ile iliyojulikana mapema. Utaratibu wake ni rahisi: wenyeji wenyewe huamua nini kitaonyeshwa na nini hakitaonyeshwa, bei inatajwa kabla ya kuondoka, mwongozaji anajulikana, na sehemu ya fedha inakwenda kwenye shughuli ya kijiji. Hakuna anayedai kwamba hiyo ni nyuma ya jukwaa. Ni baraza, na imekubaliwa kuwa baraza.

Bagamoyo ina waongozaji wazuri wa namna hiyo. Lakini Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka mwongoza watalii awe na leseni, na gharama ya mafunzo na ada si jambo dogo kwa kijana ambaye leo ana mgeni na kesho hana. Matokeo yake, yule hasa ambaye msafiri wa shanta humpendelea, kijana asiye na sare wala kitambulisho, anayeonekana si sehemu ya utalii, ndiye anayefanya kazi akiwa ameuficha ukweli kwamba ni kazi. Mgeni humpenda kwa sababu anaonekana rafiki, mamlaka humshuku kwa sababu hana leseni, naye hawezi kutaja bei hadharani kwa sababu kutaja bei ni kukiri kosa. „Tutaelewana‟ yake ina sababu zaidi ya adabu, na wanaopanga utalii wa mji huu wangeanza kwa kumpunguzia ada hiyo.